Dakika ya Masanja

Kabula alinipigia simu asubuhi nikiwa napalilia mchicha nyuma ya nyumba yangu hapa Mwanza. Alisema, "Shikamoo, baba mdogo," nami nikaitikia bila kujua ninamwitikia nani. Akajitambulisha: Kabula, binti wa Masanja, yule aliyekuwa dereva wa zimamoto. Baba yake alikuwa amefariki juzi yake, mazishi yangekuwa kesho yake kijijini kwao Sengerema, na familia ilikuwa inaandaa wasifu wa marehemu. Habari za kilimo na za kanisa walikwisha kuziandika. Habari za kazi ya uwanja wa ndege hakuna aliyezijua vizuri, kwa hiyo waliomba niziandike mimi, na kama afya ingeruhusu nizisome mwenyewe mbele ya watu. Nikasema nitakuja. Nilipomaliza kuongea nikarudi kwenye mchicha, nikang'oa tuta zima, mboga na magugu pamoja, na sikujua nimefanya hivyo mpaka mke wangu aliponiuliza tutakula nini.

Nina miaka sabini na mbili. Nilistaafu nikiwa mkuu wa kituo cha zimamoto cha uwanja wa ndege, na sioni haya kusema niliijua kazi ile. Vijana niliowafundisha wako kwenye viwanja vingi vya nchi hii, na wengine bado hunipigia simu kuuliza jambo. Habari za ukoo na utoto wangu hazihusiki hapa. Linalohusika ni mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Kila nilichokuja kuwa kilianzia mwaka ule. Na mtu aliyelipia ndiye huyu niliyeombwa kumwandikia wasifu.

Uwanja wenyewe sitautaja jina. Ulikuwa mdogo, kwenye ufuko wa ziwa, na mwisho wa njia ya kurukia, upande wa kaskazini, ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mawe na maji. Kituo chetu kilikuwa banda la gari moja na vyumba vitatu. Chumba cha kwanza kilikuwa na vitanda vya zamu, na buti zimepangwa chini yake, midomo ikitazama mlangoni ili mtu aingize miguu akiwa anakimbia. Cha pili kilikuwa jiko la Mama Minza, mpishi wetu, mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye asubuhi alitupa chai na michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, na mchana ugali wa muhogo na dagaa. Cha tatu kilikuwa changu. Kilikuwa na simu nyeusi iliyounganishwa na mnara wa kuongozea ndege na kwingine kokote haikupiga, kamba ya kengele, kitabu cha vipimo, na saa ya kupimia iliyoning'inia kwenye msumari. Dirisha moja lilitazama banda la gari, la pili lilitazama njia ya kurukia. Kwa sababu ya kitabu kile wenzangu waliniita Karani. Aliyeanzisha ni Masanja.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Bwire, Mjita mrefu, mkimya, aliyetembea na kitabu cha masharti ya kazi kilichochakaa mpaka kikafungwa kwa kamba. Kilikuwa cha Kiingereza, naye alitufafanulia kwa Kiswahili, akitumia vyombo vya Mama Minza, jambo ambalo mama yule hakulipenda. Alipanga sufuria mezani. Hii ni maji yaliyomo kwenye gari, alisema. Hii ni dawa ya povu. Hiki kijiko ni dereva, hivi ni watu wa mipira. Vyote vikitimia, uwanja una kiwango fulani, na ndege ya ukubwa fulani inaruhusiwa kutua. Pipa moja la dawa likipungua, tunaupigia mnara, mnara unamwambia rubani, naye anaamua kama atatua au la. Kisha akaziondoa sufuria zote, meza ikabaki tupu. "Rubani akiwa juu hatuoni sisi," alisema. "Haoni gari, haoni buti zenu. Anasoma namba tu. Namba ndiyo sisi." Maneno hayo nimeyarudia mbele ya madarasa ya vijana kwa miaka thelathini, na kila mara nilipoyarudia nilijua mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kuyasema.

Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa muda. Toka kengele inapolia mpaka povu linapotoka kwenye bomba la juu ya gari, mwisho wa mbali wa njia ya kurukia, zisizidi dakika tatu. Mzee Bwire alipima mwenyewe mara ya kwanza, gari likiwa jipya: dakika tatu na sekunde hamsini. Hakushangaa, maana tatizo lilionekana kwa macho. Ng'ombe wa vijiji vya jirani walikuwa wakikatiza uwanja kwenda kunywa maji ziwani, kwa hiyo kulikuwa na uzio, na geti letu liliwekwa nyuma, mbali na banda. Gari lilizunguka matangi ya mafuta, likasimama, mtu akashuka, akafungua kufuli, akavuta mnyororo, akarudi juu. Mzee aliandika barua kuomba geti lihamishiwe mbele ya banda. Jibu lilikuja kwamba apeleke kwanza vipimo vya miezi mitatu. Akanikabidhi saa. "Saa inaanza kengele inapolia," aliniambia. "Pima kweli, kijana. Tukipima kweli, geti litakuja."

Sasa nimweleze Masanja. Alikuwa dereva wa gari lile, Msukuma wa Sengerema, umri wa miaka thelathini hivi, mfupi, mabega mapana, na ufunguo wa geti aliuvaa shingoni kwa uzi kama watu wengine wanavyovaa rozari. Mke wake alikuwa mjamzito mwaka ule. Kabula alizaliwa kabla mwaka haujaisha. Gari lile alilipenda waziwazi. Tulipomaliza zoezi alilipiga makofi mawili ubavuni, kama mfugaji anayempongeza dume lake. Lakini wapagazi wa mizigo walitucheka. Kila Jumanne, siku ya zoezi, walikaa juu ya mikokoteni yao kutazama, na tulipopita wakatuita Konokono. Mmoja wao alimuuliza Masanja kama moto nao huwa unasubiri kufunguliwa geti. Masanja aliporudi alikula kimya, na Masanja akila kimya Mama Minza aliweka kijiko chini na kuuliza nani amekufa.

Jumanne ya nne kulitokea jambo dogo. Nilivuta kamba ya kengele kwa mkono wa kulia na saa nilikuwa nayo mkono wa kushoto, na kidole kikateleza. Nilipoipata vizuri gari lilikuwa tayari linatoka bandani, nikabonyeza hapo hapo. Buti na milango vilikwisha kumeza karibu dakika nzima, na dakika hiyo saa haikuiona. Povu lilipotoka kule mwisho, jeupe juu ya majani, saa ilisoma mbili na hamsini na tano. Nilikuwa na nia ya kuandika kwamba kipimo kimeharibika. Lakini Masanja aliingia na jasho lake, akainama juu ya meza yangu.

"Karani, tumepata ngapi?"

Nikamwonyesha saa.

Hakupiga kelele. Alikwenda bandani, nikasikia yale makofi mawili, kisha akapiga honi moja ndefu kuelekea kwa wapagazi. Mchana ule Mama Minza alipika sato mzima kwa nazi, chakula cha Pasaka, na mimi nikapewa kichwa. Waliokaa na watu wa ziwani wanajua heshima ya kupewa kichwa cha samaki. Wenzangu walinipisha kwenye benchi kana kwamba ni mimi niliyeendesha. Nimejitazama mara nyingi katika chumba kile, kijana aliyezungukwa na watu wanaocheka, kichwa cha sato mbele yake, na sijapata hata mtu mmoja wa kumlaumu zaidi yake. Hakuna aliyenishawishi wala kunituma. Nilipenda kupendwa, basi. Jumanne iliyofuata nilivuta kengele, nikasubiri gurudumu la gari lizunguke, ndipo nikabonyeza. Safari hiyo kidole hakikuteleza.

Nikaendelea hivyo mwaka mzima. Mbili hamsini na sita, mbili hamsini na tatu, mbili hamsini na nne. Mnara ulitupa ruhusa ya kuingia njiani siku za mazoezi lakini haukupima, na anayekimbia hajui muda. Baada ya miezi mitatu Mzee Bwire alifungua kitabu, akapitisha kidole chini ya safu yangu safi ya namba. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu, "Nina uhakika, Mzee." Akasema basi vijana wamelizoea gari, na geti lile halina kosa, kosa lilikuwa ugeni wetu. Akaandika barua ya kufuta ombi lake. Mimi ndiye niliyeinakili vizuri kwa mwandiko wangu, nikaibandika bahasha kwa ulimi wangu.

Ajali ilitokea msimu wa mvua, mchana, upepo ukivuma kutoka ziwani. Ndege ndogo yenye rubani na abiria wawili ilipasuka gurudumu ilipotua, ikaserereka mpaka mwisho wa kaskazini, ikaegemea mawe. Simu ya mnara ililia, sauti ikasema moshi, mwisho wa kaskazini. Nilivuta kengele. Kutoka jikoni nilisikia sahani ikivunjika, buti, mlango wa gari. Gurudumu la gari lilipozunguka kidole changu kikabonyeza saa, chenyewe, kwa mazoea. Nikahamia dirisha la pili. Nikaona gari likipotea nyuma ya matangi, nikasubiri litokee, nikasubiri tena. Abiria wawili walikuwa wametoka na kukaa kwenye majani. Rubani alikuwa bado ndani, miguu imebanwa, na moshi uliokuwa wa kijivu ukawa mwekundu chini. Ndipo povu likatoka. Walimtoa hai. Lakini moto ulikuwa umeifikia miguu yake, na tangu siku ile hakutembea tena bila magongo. Nilitazama saa mkononi. Mbili na hamsini na nne. Gari lilikuwa limekwenda vilevile kama Jumanne zote. Nikairudisha kwenye sifuri.

Wakaja watu watatu kutoka mbali kufanya uchunguzi, wakakaa katika chumba cha vitanda kwa siku mbili wakinywa chai yetu. Siku ya ajali mnara ulikuwa umeandika kila kitu: toka simu mpaka povu, dakika tatu na sekunde hamsini na moja. Kitabu changu kilionyesha kwamba kwa mwaka mzima gari lile halikuzidisha dakika tatu hata mara moja, ukiacha vile vipimo vichache vya mwanzo, vya ugeni. Kwa hiyo dakika moja ilikuwa imepotea, na walitaka kujua ameipoteza nani. Walimwita Mama Minza, wakamuuliza kama dereva alikuwa anakula kengele ilipolia. Alisema ndiyo, alikuwa anakula, watu hula. Wakamuuliza kama labda alimalizia chakula chake kwanza.

"Sahani yake niliizoa vipande sakafuni," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Mtu anayemalizia chakula havunji sahani."

Waliandika, lakini sahani si kipimo. Wakamuuliza Masanja dakika ile alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa anaendesha. Wakamuuliza tena kwa njia nyingine, akasema alikuwa anaendesha. Kisha wakaniita mimi, wakaweka kitabu mbele yangu. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole. Aliniuliza kama vipimo hivi ni vyangu, nikakubali. Akaniuliza kama ni sahihi. Masanja alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili, kofia magotini. Mzee Bwire alisimama mlangoni. Muda wa kusema kweli ulikuwepo wa kutosha, nyuki mmoja alizunguka chumba chote na kutoka dirishani. Nikasema, "Ni sahihi."

Wamenisikia vijana wengi nikisema kwamba katika kazi hii uongo mkubwa hausemwi kwa mdomo, huandikwa kwa tarakimu safi na watu huuamini kwa sababu ya usafi wake. Hilo ni kweli. Lakini siku ile niliusema kwa mdomo pia, na nisijifiche nyuma ya kitabu.

Masanja aliachishwa kazi kwa uzembe. Kabula alikuwa na miezi mitatu. Siku ya kuondoka alifunga buti zake kwa kamba, akamuaga Mama Minza jikoni, akaja chumbani kwangu. Akavua ule uzi shingoni na kuweka ufunguo wa geti juu ya kitabu. "Karani," alisema, "saa yako ilinipenda mwaka mzima, siku moja tu ikanichoka." Nikacheka. Ndivyo tulivyozoea kutaniana, na mwili hucheka kabla akili haijafika. Alikuwa ameshavuka uzio nilipoelewa alichoniambia.

Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo, kwa sifa ya kitabu safi. Miaka miwili baadaye, Mzee Bwire alipohamishwa, nilipima upya kengele inapolia, nikapeleka namba za kweli, na geti likahamishiwa mbele ya banda. Gari lilifika kwa dakika mbili na nusu, za kweli. Geti lilipatikana, basi, na lilinunuliwa kwa miguu ya rubani na jina la Masanja. Tangu hapo hakuna aliyeshika saa chini yangu bila mimi kusimama nyuma yake. Niliwarudisha watu kwenye zoezi kwa sekunde mbili. Waliniogopa, na viwanja vyao vikawa salama. Hayo najivunia. Lakini kutengeneza geti ni jambo moja, na kwenda Sengerema kusema ni jingine, na hilo la pili sikulifanya.

Nilikutana naye mara moja tu, kwenye kivuko, miaka kama kumi na mitano baadaye. Nilimwona mimi kwanza, nikageuka kutazama maji. Alinijia hata hivyo, mvi zimeanza, akiwa na mahindi mawili ya kuchoma, akanipa moja. Tuliongea habari za mvua na pamba. Kabula alikuwa shuleni na alikuwa hodari wa hesabu. Kazi hakuitaja. Kivuko kilipokaribia ng'ambo ndipo akauliza, "Lile geti walilihamisha?" Nikasema walilihamisha. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa habari ya ndugu mgonjwa aliyepona. Nilikuwa na safari nzima ya kivuko ya kumwambia, nami nikala mahindi.

Siku hizi hakuna kivuko pale. Jana nilipita Usagara, nikafika Kigongo, na gari likapanda daraja jipya. Kwa mazoea ya uzee nilitazama saa yangu. Maji ambayo zamani tuliyasubiri nusu ya siku tuliyavuka kwa dakika nne hivi, na dakika nne zilinitosha kutambua kwamba karatasi niliyokuwa nayo mfukoni, niliyoiandika na kuifuta usiku kucha, haikusema kitu. Ilisema marehemu aliajiriwa, alikuwa mchapakazi, baadaye akaacha kazi akarudi nyumbani kulima.

Kabula alinipokea uani, mama mtu mzima sasa, mwalimu wa hesabu, mabega yale yale. Mama yake alikuwa amekaa ndani kati ya wanawake. Nilimpa Kabula pole, kisha nikamuuliza kwa nini wamenichagua mimi, maana wapo wengine waliofanya kazi na baba yake. Akasema si wao waliochagua. Baba yake ndiye aliyesema, wiki ya mwisho, alipokuwa akipanga mambo yake. "Alisema, ya uwanjani aandike Karani. Yeye ndiye aliyekuwa na saa."

Niliomba kalamu. Nilikaa nyuma ya nyumba, karibu na wanaume waliokuwa wakipasua kuni, nikageuza karatasi upande wa pili. Niliandika mistari michache na mwandiko haukuwa mzuri. Kisha nikaenda kwa mjane, nikapiga goti pembeni ya mkeka wake, nikamsomea yeye kwanza, kwa sauti ya chini, kwa sababu haikuwa haki alisikie pamoja na watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Alijua." Nilimuuliza kama nisisome. Akasema nisome yote, na nisome kwa nguvu, kwa sababu kaka wa marehemu hasikii vizuri, na kaka huyo ndiye aliyemwita mdogo wake mzembe kwa miaka yote hii.

Walipomaliza habari za kilimo na za kanisa wakaniita. Kaka yake alikuwa kwenye kiti cha mbele, mkongojo kati ya magoti. Nilisema jina langu na cheo nilichostaafu nacho. Nikasoma kwamba mwaka ule kengele ilipolia, Masanja aliacha chakula chake na sahani ikavunjika. Kwamba aliendesha kama alivyoendesha siku zote, bila kupoteza hata dakika moja. Kwamba dakika ile niliiiba mimi, mwenye saa, nikianzisha saa gurudumu linapozunguka badala ya kengele inapolia. Na kwamba nilipoulizwa nilisema uongo, yeye akafukuzwa na mimi nikapandishwa.

Mzee yule wa mbele akainua mkono, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia, kuanzia kwenye kengele.